Mbegu Tuliyoila Krismasi

Mama alikuwa na tabia ya kuficha sikukuu. Kuanzia Oktoba, kila aliporudi kutoka sokoni Kyela, kulikuwa na kitu kimoja kilichopotea kati ya mlango na jiko. Sukari iliingia chini ya kitanda. Kitambaa cha magauni kilikunjwa ndani ya mfuko mtupu wa mbolea. Mwaka mmoja chupa ya mawese ilikaa wiki nyingi imezikwa kwenye pumba za mpunga, kuku wakaichimbua siku chache kabla ya wakati wake. Sisi watoto tulijua vitu vipo, ila hatukujua viko wapi, na kuvitafuta ndiyo ilikuwa Desemba yetu. Asubuhi ya Krismasi vilitokea vyote kwa pamoja, na mama akajifanya kushangaa kama sisi.

Naanza na jambo hili kwa sababu bila kulijua, kosa nililofanya mwaka aliofariki litaonekana la kijinga tu. Lilikuwa la kijinga, ndiyo, lakini lilikuwa na njia yake.

Kwetu sikukuu ni wali. Nyumba ya mkulima wa Kyela inaweza kula ndizi na maharage mwaka mzima bila kuona haya, magimbi asubuhi, ugali jioni, dagaa wa usipa siku zikiwa mbaya na samaki wa mbasa siku zikiwa njema. Lakini siku ya Krismasi jikoni lazima kutoke harufu ya wali, na harufu hiyo hufika hadi barabarani. Watu wakitoka kanisani hupita wakinusa, na wapo wanaoweza kukwambia nani kakoboa mpunga wa aina gani. Kupika ugali siku hiyo ni kutangaza kwamba nyumba imefungwa.

Baba alikuwa ametangulia miaka mitatu kabla. Mama alianza kuumwa wakati wa mavuno. Nilikuwa kidato cha pili, nina miaka kumi na saba kwa sababu nilichelewa kuanza, nikaomba ruhusa ya wiki mbili nije kumsaidia kuanika mpunga. Wiki mbili zile hazijaisha hadi leo. Alifariki mwezi wa nane, tukabaki watatu: mimi, mdogo wangu wa kike wa miaka kumi na moja mwenye mdomo usiopumzika, na kitinda mimba wetu, msichana pia, wa miaka sita, ambaye alikuwa haongei sana ila alikuwa anakufuata nyuma popote uendapo mpaka unamkanyaga.

Mpunga mwingi wa mwaka ule ulikwenda kwenye msiba. Watu walikuja wengi na watu lazima wale. Walipoondoka, chumbani kwa mama kulikuwa kumebaki gunia moja, nusu yake tu. Nilifungua nikaona mpunga, nikajiambia: hii ndiyo mbegu. Hakuna aliyeniambia. Niliamua tu, kwa sababu ulikuwa mpunga pekee ndani ya nyumba, na kwa sababu nilikuwa nimewahi kumsikia mama akisema kwamba anayekula mbegu yake hana tofauti na panya. Nikalifunga lile gunia kwa kamba ya katani, mafundo matatu, nikaliegemeza ukutani karibu na kitanda changu, na tangu Septemba tukala ugali.

Mdogo wangu alilalamika kila siku. "Kaka, tuko Kyela au tuko wapi? Hata wafungwa hupewa wali Jumapili."

"Ile ni mbegu."

"Kikombe kimoja tu."

"Ni mbegu, nimesema."

"Basi tuipikie mbegu nayo ugali, maana imekuwa mgeni wetu wa heshima."

Nilishikilia hapohapo. Leo nikikumbuka ule ukali wangu nacheka kwa uchungu kidogo. Nililinda lile gunia kwa moyo wote.

Mwanzoni mwa Desemba alikuja dereva wa bodaboda na ujumbe kutoka kwa baba mdogo, mdogo wake baba, anayeishi Katumba Songwe. Kijana yule hakuzima hata pikipiki. Alisema baba mdogo atakuja kula Krismasi kwetu. Akiondoka, ataondoka na kitinda mimba. Huyu mwingine, shangazi wa Ipinda atakuja kumchukua baada ya Mwaka Mpya, akamsaidie kwenye genge lake. Mimi nitabaki niangalie nyumba.

"Kasema hivyo, au umeongeza?" nilimuuliza.

"Kaka, mimi naendesha pikipiki tu." Halafu akaona uso wangu, akazima mashine. "Kasema pia kwamba atakuja aone. Neno hilo kalisema mara mbili. Atakuja aone."

Nilishika neno hilo moja. Kama anakuja kuona, basi kuna kitu anaweza kuona kikambadilisha. Sikuwa na la kumwonyesha isipokuwa meza. Nikajipa kazi hiyo: Krismasi ile nyumba yetu itapika kama mama alivyopika, na mtu atakayekula atajua kwamba hapa pana wenyewe.

Siku mbili kabla ya sikukuu nilikuwa na jogoo, ndizi, na chupa ya mawese. Mchele sikuwa nao. Nilikuwa nimewaza kwenda kuomba kwa jirani, lakini kuomba mchele wa Krismasi ndicho kitu hasa ambacho baba mdogo asingependa kusikia. Nikakaa nalitazama lile gunia. Nilifungua fundo la kwanza. Nikalifunga tena.

Aliyetuokoa, ndivyo tulivyodhani, ni mdogo wangu. Alikuwa amepanda darini juu ya jiko, pale tunapoweka kuni zisiloe, akipapasa kama tulivyozoea kila Desemba, nadhani kwa mazoea zaidi kuliko kwa tumaini. Nikasikia amepiga kelele. Nyuma ya kuni, mahali moshi wa jiko unapopita kila siku, kulikuwa na kiroba kimekaa kimya, kimefungwa mdomo kwa kipande cha khanga ya mama. Tulikishusha pamoja. Kilikuwa kizito, debe moja na nusu hivi, cheusi kwa masizi. Ndani yake mlikuwa na mpunga.

Lakini mpunga gani! Punje ndefu, zote saizi moja, rangi moja, kama zimepangwa kwa mkono. Ukitia mkono ndani zinateleza. Nikaunusa, na hata ukiwa na maganda yake ulikuwa na ile harufu.

"Mama katuwekea sikukuu," mdogo wangu alisema, akaanza kulia huku anacheka. Kitinda mimba akatia mikono yote miwili ndani ya kiroba hadi viwikoni, akaiacha humo.

Na mimi niliamini. Nieleweke hapo: sikuwa na shaka hata chembe. Tangu nizaliwe, kitu kizuri kilichofichwa nyumbani mwetu kilikuwa cha Krismasi. Mama alikuwa anaumwa, akajua hatakuwepo, akatufichia kama kawaida yake. Nilienda nyuma ya nyumba nikasimama peke yangu kati ya migomba kwa muda, kisha nikabeba kiroba mashineni.

Mashineni kulikuwa na foleni, kila mtu anakoboa kwa ajili ya sikukuu. Zamu yangu ilipofika, fundi wa mashine alichota kiganjani, akapuliza, akasubiri pepe, zile punje tupu, ziruke. Hakikuruka kitu.

"Mpunga huu umechaguliwa na malaika," alisema. "Hakuna pepe hata moja! Unakoboa wote?"

"Wote."

Alinitazama kidogo, halafu akaumimina. Huwa namfikiria mtu yule. Labda alikuwa na neno mdomoni, lakini nyuma yangu walikuwa wanawake kumi na mabeseni yao wakimpigia kelele, na mimi nilikuwa kijana anayejibu upesi upesi.

Asubuhi ya Krismasi niliwavalisha wadogo zangu nikawapeleka hadi njia panda ya kanisani, nikarudi kupika. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, kuni zinatoa machozi. Jogoo nilikuwa nimemchinja mapema, lakini alikuwa mzee, na ilipofika saa nne nilikuwa nimeshaongeza maji mara tatu na bado alikuwa anagonga sufuria kama jiwe. Ndizi zilikuwa tayari kumenywa, ndani ya maji, mikono yangu myeusi kwa utomvu.

Jirani yetu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya, alipita kuniangalia akielekea kwake. Akasimama mlangoni mwa jiko, mwavuli begani.

"Ugonile, baba wa nyumba!" alinisalimia Kinyakyusa.

"Ndaga, mama. Karibu, ila moshi."

"Nauona. Nimedhani mnaungua." Akachungulia sufuria la kuku. "Huyu jogoo umemchinja au alijifia kwa uzee?"

"Atalainika."

"Atalainika Pasaka. Mtie papai bichi, mwanangu. Si mnao mpapai hapo nyuma?" Akageukia upande wa pili. "Na wali unaujua? Au utatupikia uji wa Krismasi?"

Nikamwambia nitajitahidi. Akaweka mwavuli chini, akakunja gauni lake la kanisani, akachuchumaa. Hakushika kitu. Aliniacha nifanye mwenyewe, yeye anaamuru tu. Osha, lakini usiusugue, si nguo hizo. Maji yapime kwa kidole. Chumvi hapo. Sasa funika, na ukifunua kabla sijakwambia nitakuchapa mbele ya wadogo zako. Maji yalipokauka akaniambia nivute moto pembeni, niweke makaa ya moto juu ya mfuniko. Niliweka makaa kwa pupa, moja likaanguka kwenye majivu karibu na mguu wake.

"Wanaume!" alisema. "Kutupalilia shamba mnaweza, kupalia wali hamuwezi."

Harufu ilipoanza kutoka, alisogea karibu na sufuria. Akanusa. Uso wake ukalegea.

"Mama yako," alisema tu. Akachukua mwavuli wake, akaondoka.

Baba mdogo alifika saa saba, na wadogo zangu nyuma yake. Alikuwa amewakuta njiani. Alileta sukari, sabuni mche mzima, na pipi mbili mfukoni. Ni mtu mrefu, mkavu, asiyesema neno bila kulipima, na mbele yake hata mimi niliyekuwa nimeshaanza kunyoa nilijisikia mtoto. Alizunguka nyumba kabla ya kukaa. Akatazama paa. Akatazama kakao iliyokuwa imeanuliwa kwa ajili ya mvua, akageuza mbegu mbili tatu kwa kidole, akasema imekauka vizuri. Akatazama choo. Nilimfuata hatua mbili nyuma, na kitinda mimba hatua moja nyuma yangu.

Tulikula ndani, juu ya mkeka, kwa sababu ya mvua. Mdogo wangu aliomba sala fupi. Niliweka wali katikati, kwenye sinia la mama, umetengana punje kwa punje, na ndizi za mawese, na kuku, ambaye papai lilikuwa limemfanya mtu wa kawaida. Nilimpa baba mdogo firigisi kama inavyostahili. Nikaona ametazama sinia, na kitu kama tabasamu kikapita. Nikafikiri: ameona.

Alikula tonge la kwanza. Akala la pili. La tatu alilishika mkononi, akalifungua kwa kidole gumba, akazitazama punje.

"Mchele huu umeukoboa lini?"

"Juzi, baba mdogo."

"Mpunga umeutoa wapi?"

"Ulikuwa darini jikoni. Mama alituwekea sikukuu."

Alilirudisha tonge kwenye sinia, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake.

"Ulikuwa umefungwa na nini?"

"Khanga yake."

"Hakuwawekea sikukuu," alisema. "Aliwawekea mwaka. Hiyo ilikuwa mbegu."

Nikamwambia hapana, mbegu ipo, iko chumbani, nimeilinda tangu Septemba. Niliinuka haraka nikalileta lile gunia, nikafungua mafundo yangu matatu mbele yake nikijivuna bado. Alitia mkono, akatoa kiganja, akakisogeza kwenye mwanga wa mlango. Zilikuwemo punje fupi na ndefu, nyekundu na nyeupe, mapepe, na mawe mawili.

"Huu ni mchanganyiko," alisema. "Huu ni wa kuwalipa vibarua na wa kula. Ukiupanda utaota kila mmoja kwa wakati wake, utavuna aibu. Huu ndio mama yenu aliowaachia mle."

Halafu mdogo wangu, ambaye hajawahi kujua wakati wa kunyamaza, akasema:

"Kwa hiyo tumekula ugali miezi minne tukilinda wali, halafu tumekula mbegu?"

Baba mdogo aliziba mdomo kwa mkono. Sijui hadi leo kama alikuwa anazuia kicheko au kitu kingine. Ulipoondoka mkono ule, uso ulikuwa umekunjamana.

Akanieleza, bila kupaza sauti. Mbegu ile mama aliichagua mwenyewe kila mwaka. Kabla watu hawajaingia na miundu, yeye aliingia peke yake shambani, akikata masuke yaliyo bora, moja moja, akayapura pembeni, akayaanika pembeni, akayapandisha darini ili moshi uzuie wadudu. Alikuja nayo kutoka kwao alipoolewa. Watu walimwomba mbegu, akawapa, lakini wao waliichanganya na nyingine na ikapotea mikononi mwao. Kwake tu haikupotea. Mwaka ule, mgonjwa, aliichagua tena. Nilimkumbuka kweli, akitoka shambani na kikapu, akikaa njiani mara mbili kupumzika, nami nikimwuliza kwa nini hasubiri tuvune wote.

"Basi, nimeona," baba mdogo alisema. Akamgeukia kitinda mimba. "Mama, nenda kalete nguo zako."

Hakuenda. Alinitazama mimi.

"Ni mimi niliyekishusha kiroba," mdogo wangu alisema haraka. "Kaka hakujua. Mimi ndiye niliyepanda darini."

"Niliyekoboa ni mimi," nilisema. "Niliulizwa kama ni wote, nikasema wote."

"Na mimi nimekula sahani mbili," kitinda mimba alisema, kwa sauti ndogo kabisa, kama anayekiri kosa kubwa kuliko yetu.

Baba mdogo alitutazama mmoja mmoja. Sikuwa na maneno niliyoyaandaa. Nilikuwa nimeandaa chakula, na chakula chenyewe ndicho kilikuwa kimenishtaki. Nikasema lililokuwepo.

"Baba mdogo, nimekosa, na kosa ni kubwa. Lakini mimi sikujua mbegu inakaa wapi. Kazi hiyo ilikuwa ya mama, na mimi nilikuwa shule. Ukiwachukua hawa, nitabaki na shamba nisilolijua na nyumba isiyo na mtu wa kuipikia. Sitakuwa na sababu hata ya kuamka. Niachie, unionyeshe."

"Nikuonyeshe."

"Ndiyo."

Alifuta vidole kwenye ukingo wa sinia. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Tangu matanga yaishe, nani amekuja hapa kukuonyesha kitu chochote?"

Nilitaka kusema kitu cha heshima. Mdogo wangu akanitangulia. "Hakuna," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza, na umekuja kumchukua huyu."

Nilifunga macho. Maneno kama hayo, kwa mkubwa, siku ya Krismasi, yalitosha kumfanya mtu ainuke na kuondoka asirudi tena. Nilipoyafungua, baba mdogo alikuwa anatazama sinia. Mishipa ya shingo ilikuwa imesimama. Kisha akanyoosha mkono, akalichukua tonge lile lile alilolirudisha, akalikanda upya, akala.

"Tuleni," alisema. "Imeshaiva, haiwezi tena kuota."

Tukala. Alikula sana, hadi chini ya sinia ikaonekana. Mdogo wangu alipoleta ukoko, aliukatakata mwenyewe akawagawia wasichana. Bodaboda ilipokuja kumchukua alisimama kibarazani, akafunga vifungo vya koti, akasema bila kunitazama, "Kesho mje Katumba. Wote watatu." Akapanda, akaondoka peke yake kwenye mvua.

Jioni ile tuliyageuza maneno yale kila upande. Wote watatu. Mdogo wangu alisema ni mtego: tutafika watatu, tutarudi wawili, na yeye amekwepa tu kumtoa mtoto nyumbani kwake akilia. Aliapa hatabeba hata nguo moja ya kitinda mimba. Mimi nilisema tutakwenda, kwa sababu tumeitwa, na kwa sababu mimi ndiye niliyemwomba anionyeshe. Sikumwambia kwamba na mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo.

Nataka kusema kuhusu mbegu ile kabla sijafika Katumba, kwa sababu watu huniuliza. Haikupatikana tena. Miaka imepita mingi sasa, wadogo zangu ni watu wazima wenye nyumba zao, mmoja Mbeya na mwingine hapa hapa Kyela mjini, na kila Krismasi huja kwangu na watoto wao, nami napika. Napalia wali vizuri siku hizi, yule mama jirani kabla hajafariki alikuwa ananitolea mfano kwa mabinti zake. Lakini wali ni mwingine. Nimeitafuta mbegu ile kwenye magulio ya Ipinda, sokoni Kyela, hata kwa ndugu wa upande wa mama. Naingiza pua kwenye kiroba, wafanyabiashara wananicheka, wananiuliza kama nanunua mpunga au ugoro. Wakati mwingine nadhani nimeipata, napika, naonja, siyo. Mama aliibeba maisha yake yote, na mimi niliimaliza kwa sikukuu moja. Sijitafutii udhuru. Ninachoweza kusema ni kwamba siku ile iliyoliwa, tuliila pamoja, na kitinda mimba wetu, ambaye sura ya mama haikumbuki kabisa, anakumbuka ladha ile hadi leo na hugombana na sisi tukisema ilikuwa na chumvi nyingi. Sijui kama mama angekubali mabadilishano hayo. Huwa nauliza, nikiwa shambani, na sijibiwi, naendelea na kazi.

Kesho yake mvua ilikuwa imekata. Tulitoka asubuhi kwa miguu, matope hadi kwenye vifundo, njia nzima watu wakituita sikukuu njema kutoka mashambani, maana wengine walikuwa wameshaanza kupanda. Kitinda mimba alishika kidole changu kimoja, akakibana.

Mama mdogo, mke wa baba mdogo, alitupokea, akatupa kiporo cha wali na chai. Baba mdogo alikuwa nyuma ya nyumba na beseni la maji na magunia mawili. Hakusalimia sana. Alichota mpunga wa gunia moja akaumwaga kwenye maji, tukaona punje nyingine zinazama na nyingine zinaelea.

"Inayoelea ni ya kuku," alisema. "Inayozama ndiyo ya shambani. Ng'ata hii. Imekatika kwa mlio? Basi imekauka. Sasa ng'ata hii." Alinifanya ning'ate punje hadi taya likauma. Akatuonyesha jinsi ya kutambua suke la kuchagua na la kuacha, kwa yale aliyokuwa ameyatundika chini ya paa lake. Alimwonyesha mdogo wangu vilevile kama alivyonionyesha mimi, na alipomkosoa alimkosoa kwa ukali uleule. Mdogo wangu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikuwa anasikiliza.

Mchana ulipofika nilikuwa nasubiri lile neno. Nilimwona mama mdogo amemkalisha kitinda mimba mapajani, anamsuka, na nikafikiri kitanda chake kimeshatandikwa humo ndani.

Baba mdogo alileta debe akapima mbegu. Gunia la kwanza akalifunga, akaligonga chini ili likae sawa, akanisogezea mimi. Akachukua kiroba, akatia kiasi, akakifunga, akamsogezea mdogo wangu. Halafu akaomba kwa mkewe kipande cha kitenge. Akakitandaza chini, akachota viganja viwili vya mbegu, akaongeza cha tatu, akakifunga kifurushi kidogo chenye masikio mawili.

"Huyo naye?" mama mdogo aliuliza. "Si nilidhani anabaki?"

"Ana shamba huyo," baba mdogo alisema. "Nani atambebea?"

Akamwekea kitinda mimba kifurushi kichwani, akakirekebisha, akaipandisha mikono ya mtoto juu ili akishike. Kisha akaingia ndani kwake bila kutuaga.

Tulirudi watatu. Njiani nilijaribu mara nyingi kumpokea kitinda mimba ule mzigo, kwa sababu niliona shingo imechoka na miguu inavuta. Kila mara alikataa. Alisema amepewa yeye.